Wapenzi wa magari ya mbio ya zamani tukutane hapa: Pijo 404 na Datsun 240Z ni zetu kuliko Ferrari

Kabureta Mbili

Wakuu salaam,

Nakaa Chumbageni, Tanga. Kazi yangu haihusiani na magari hata kidogo, ila nikipata nafasi tu nasoma, natazama na kubishana habari za magari ya spoti ya zamani na mbio zake. Mke wangu keshazoea. Akisikia injini ya silinda sita inalia kwenye simu, anafunika chakula.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kuna jambo linanikera. Kila magari haya yakitajwa kwenye magrupu yetu, picha zinazotupiwa ni zilezile: Ferrari 250 GTO, Jaguar E-Type, Mercedes 300 SL ile ya milango ya kufunguka juu. Sikatai, ni magari ya kumtoa mtu machozi. GTO zilitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964, na mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 48.4. Na ile milango ya 300 SL wala haikuwekwa kwa mbwembwe. Fremu yake ni ya mabomba, na pale ubavuni mabomba yamepita juu sana, mlango wa kawaida usingepata pa kukaa. Wahandisi wakaamua mlango ufunguke kwenda juu, basi. Mimi hayo ndiyo yananiua, urembo uliotokana na shida ya fundi.

Lakini hayo tunayajulia pichani. Magari ya mbio yaliyopanda Usambara usiku, yakazama kwenye tope la huku kwetu na kuvunja springi kwenye mawe yetu, ni mengine kabisa: Pijo 404, Datsun 240Z, Volvo PV544, Ford Escort. Nasema hivi: mtu wa Tanga anayependa mbio za zamani aanzie hapo, Ferrari aje kuikuta baadaye.

Kwa vijana ambao hawajui, Safari Rally haikuzaliwa ikiwa ya Kenya peke yake. Ilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 ikaitwa East African Safari. Baadaye ikazoeleka kufanyika Pasaka, na nyie mnaijua Pasaka ya huku, masika ndiyo yanaingia. Hakuna kufungiwa barabara. Ni maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye barabara ya umma yenye ng'ombe, malori na waendesha baiskeli wasio na taa. Unapewa muda wa kutoka kituo hiki hadi kile, na ukichelewa unaandikiwa adhabu. Upande wetu ulikuwa na vipande vilivyoogopwa: Usambara, Pare, na kule ngazi ya Mbulu.

Mwaka 1963 yalianza magari 84. Yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Pijo 404. Hapo katikati, 1966 na 1967, zilishinda 404 tena, safari hii za Bert Shankland na Chris Rothwell, waliokuwa wakiishi hapa hapa Tanzania. Yaani kombe la Safari lilikuja nchini mara mbili mfululizo, halafu kijana wa leo ukimuuliza gari la mbio la zamani anakwambia Ferrari.

Kisha wakaja Wajapani. 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda na Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wakarudi na 240Z, na Datsun ikachukua nafasi ya kwanza na ya pili. Mwaka 1973 Shekhar Mehta naye akashinda na 240Z. Huyo alizaliwa Uganda, akaondoka enzi za Amin akahamia Kenya, na baadaye alishinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Itazameni hiyo 240Z vizuri. Boneti ndefu, paa linashuka taratibu hadi nyuma, taa za mbele zimezama ndani ya mashavu. Injini silinda sita mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili za kuchanganyia petroli na hewa. Marekani ilipoanza kuuzwa bei yake ilikuwa dola 3,526, mtu wa kawaida anaimudu. Gari zuri kiasi hicho, walilijaza taa na ngao za chuma wakalipeleka kwenye tope jekundu, na likarudi la kwanza. Nitajieni gari la Kiitaliano la zama zile lililofanya hivyo hapa kwetu.

Kuanzia 1974 mbio zikabaki ndani ya mipaka ya Kenya. Wazee wetu wakabaki na simulizi, sisi tukabaki na mabango ya Ferrari ukutani.

Mwenye picha za kale za Mombo, Soni, Lushoto au Korogwe atupie. Wa kubisha naye abishe.

Ngamiani Barabara ya Tisa

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mkuu endelea kushusha nondo.

Turbo Makorora

Mkuu umeandika vizuri ila kuna mahali umeteleza. Pijo 404 ni gari la spoti tangu lini? Hiyo ilikuwa teksi na gari la mabwana mkonge. Milango minne, gia kwenye shingo ya usukani, babu zetu wanabebea mbuzi. Gari la spoti lina siti mbili na linakimbia. Tusipindishe mambo kwa sababu ya uzalendo.

Kabureta Mbili

@Turbo Makorora nilijua utakuja. Kwa mujibu wa katalogi uko sahihi, 404 ni saluni ya familia. Ilichorwa na Pininfarina, haohao waliokuwa wakiichorea Ferrari, lakini ni saluni. Mimi nazungumzia mbio, na kwenye mbio swali ni moja: nani alifika kwanza?

Chukua Porsche 911. Hilo huwezi kulikataa, ni la spoti. Porsche walikuja Safari na kurudi, na kurudi tena. Mwaka 1974 Björn Waldegård alikuja na 911 akaambulia nafasi ya pili. Aliyemshinda ni Joginder Singh na Mitsubishi Lancer 1600, saluni yenye sura ya kwenda nayo sokoni. Chukua Lancia Stratos, gari lililobuniwa mahsusi kwa ajili ya rali, fupi, injini ya Ferrari mgongoni, lilitwaa ubingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo. Safari halikuwahi kushinda. Joginder akashinda tena 1976 na Lancer ya aina ileile, na Lancer zikachukua nafasi tatu za juu.

Na ushindi wake wa kwanza, 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant, ulipatikana kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika, gari mtumba lililokuwa la timu ya kiwanda. Volvo yenyewe ina umbo la kofia. Ikashinda.

Kwa hiyo ukiniambia spoti ni siti mbili, nakuuliza siti mbili zimefika wapi.

Turbo Makorora

Zimefika Le Mans mkuu, zile mbio za saa 24 kule Ufaransa 😂 Ford GT40 ilishinda miaka minne mfululizo, 1966 mpaka 1969. Urefu wake kutoka chini hadi paani ni kama mita moja tu. Ipeleke Soni ikwame kwenye tuta la kwanza, sawa, lakini haikutengenezwa kwa matuta. Kila gari lihukumiwe kwa barabara yake.

Kabureta Mbili

Hapo umesema la maana na sina ubishi. Barabara yetu ndiyo hii, ndiyo maana nahukumu kwa hii.

Mzee wa Njiapanda

Marahaba kwa wote mliotaka kunisalimia. Mimi si mwandishi sana, mjukuu wangu ndiye kanionesha huu uzi, nikaona nichangie kwa sababu mambo mengine niliyaona kwa macho.

Nimekulia Mombo. Pale njiapanda ya kupanda Lushoto, siku ya Safari watu hawalali. Tunakaa kwenye mteremko juu ya barabara, kina mama na kanga kichwani maana usiku wa mlima una umande, watoto tumeshikwa mikono tusishuke. Kwanza unasikia. Mlio unagonga mlima unarudi, hujui gari liko upande gani. Halafu taa. Zinaonekana, zinapotea kwenye kona, zinaonekana tena juu zaidi au chini zaidi, na watu wazima wanabishana, ile ni Pijo, ile ni Ford, kabla hata gari halijafika. Kaka yangu alikuwa anazijua kwa sauti tu, hakosei.

Lilipopita unaona kitu kimoja tu kwa ndani: yule wa kushoto kainama, kataa kadogo kanamulika makaratasi mapajani kwake, wala hatazami nje. Dereva anatazama njia, yeye anatazama makaratasi, na gari linakwenda vile. Mimi hilo lilinishangaza kuliko mwendo.

Nakumbuka gari moja lilisimama mbele kidogo ya maduka. Mafundi wao walikuwa wamekaa hapo tangu mchana na karabai zao. Jeki ikaingia, tairi mbili zikatoka, mtu kajilaza kwenye tope na shati jeupe, anafungua shokapu. Anapokea spana bila kugeuka, mwenzake anajua ipi anataka. Sisi tulikuwa bado tunasogea kuangalia, gari likaondoka. Lile shokapu lililotolewa liliachwa pale chini, lina moto, mtoto mmoja akaligusa akaungua vidole.

Huyo kijana anayesema Pijo ni gari la mbuzi namwambia, ni kweli lilibeba mbuzi. Na lilipanda mlima ule.

Ngamiani Barabara ya Tisa

Shikamoo mzee wangu. Hii ndiyo tuliyokuwa tunaitaka. Tafadhali usiondoke kwenye uzi.

Bint Raskazone

Shikamoo babu. Naomba kuuliza wenye uzi, maana naona majina ya wanaume watupu. Wanawake hawakuwepo kwenye hizo mbio au ndiyo mmetusahau kama kawaida yenu?

Kabureta Mbili

Walikuwepo dada, na si kwa kupamba. Mwaka 1961 Anne Hall na Lucille Cardwell walimaliza wa tatu na Ford Zephyr. Mwaka uliofuata Pat Moss naye akawa wa tatu na Saab 96, gari dogo la injini ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili na petroli kama pikipiki za zamani. Pat ni mdogo wake Stirling Moss, yule dereva maarufu wa mbio wa Uingereza, na wapo wanaosema kwenye rali alikuwa na mkono kumzidi kaka yake. Wa tatu kwenye Safari, na Saab ile ndogo! Fikiria.

Bint Raskazone

Asante. Sasa naweza kuendelea kusoma kwa amani 😄

Mwananjia

Umemtaja Stirling Moss, basi niingie hapo, maana mimi ni mgonjwa wa Mille Miglia.

Ilikuwa mbio za maili 1,000 kule Italia, kutoka Brescia kwenda Roma na kurudi Brescia, barabara za kawaida, kupita katikati ya miji watu wamejipanga pembeni. Ilianza 1927. Mwaka 1955 Moss na Denis Jenkinson waliondoka na Mercedes 300 SLR saa 1 na dakika 22 asubuhi, yaani 7:22 kwa saa za Kizungu, ndiyo maana gari lao lina namba 722. Walimaliza kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Wastani wa kilomita 157 kwa saa, kwa saa kumi, kwenye barabara za mwaka 1955! Basi la kutoka Kange kwenda Dar linaruhusiwa 80, na abiria bado wanasali Segera.

Siri yao inafanana na alichoona mzee Mombo. Jenkinson alikuwa mwandishi wa habari mwenye ndevu nyingi. Walipita njia yote kabla ya mbio, akaandika kila kona, kila tuta, kila daraja, kwenye karatasi moja ndefu ya zaidi ya mita 5, akaiviringisha ndani ya kisanduku chenye kioo juu. Mbio zikiendelea anazungusha karatasi na kumpa Moss ishara za mkono, maana injini ile huwezi kusikilizana. Moss anaambiwa nyuma ya kilima barabara imenyooka, anapita kilele bila kuachia mafuta, haoni mbele, anaamini mkono wa mwenzake.

Mwaka 1957 ajali karibu na Guidizzolo iliua dereva, msaidizi wake na watazamaji, watoto wakiwemo. Mbio zikafa hapo. Miaka miwili nyuma yake Le Mans ilikuwa imeua zaidi ya watu 80 kwa ajali moja. Nasema hili kwa sababu tukipenda vitu vya zamani tunavisafisha mno. Magari yale hayakuwa na mkanda, tenki la petroli liko mgongoni, mtazamaji kakaa ukingoni mwa lami. Mimi napenda magari, zile hatari zake sizitamani hata kidogo.

Fundi Platini

Mwananjia umesema kweli tupu. Wateja wangu wengine wanataka gari libaki "orijino" mpaka breki. Namwambia breki za dramu za mbele kwenye barabara ya Tanga–Segera yenye malori ni kujitakia. Weka diski, weka mkanda, uhai wako ndiyo orijino.

Nina gereji Ngamiani, nimefanya 404, 504, Datsun 1200, 120Y, Land Rover 109 sizihesabu. 240Z nimeshika moja tu, ya mgeni aliyekuwa anapita. Nitaeleza kitu kimoja kwa wasiojua raha ya kabureta mbili, maana mwenye uzi kajiita hivyo na sijui kama amewahi kuzishika 😂

Kabureta mbili zikitofautiana, injini inatetemeka kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, inakula mafuta, plagi tatu nyeusi tatu nyeupe. Kompyuta hakuna. Unalegeza kwanza kiungo kinachoshikanisha zile shafti mbili. Unachukua kipande cha mpira wa petroli, ncha moja sikioni, ncha nyingine mdomoni mwa kabureta ya mbele. Unasikia inavuta: sssss. Unahamia ya nyuma. Kama mlio wake ni mkubwa zaidi, hiyo inavuta hewa nyingi, unarudisha skrubu kidogo. Unakwenda, unarudi, mpaka sikio lishindwe kutofautisha. Hapo ndipo unafunga kiungo.

Halafu mchanganyiko. Kwenye kabureta za aina ya SU, na zile Hitachi za Datsun ni ndugu zake, kuna pistoni ndani inapanda na kushuka. Unainyanyua kidogo sana, kama milimita moja. Injini ikipandisha mzunguko na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, petroli ni kidogo. Ikipanda kidogo tu halafu ikatulia, acha hapohapo, weka bisibisi chini ukanywe chai. Na usisahau oili nyepesi kule juu kwenye kikombe cha pistoni. Wengi wanasahau hiyo, gari linakwamakwama ukikanyaga, wanabadilisha plagi bure.

Kijana wangu wa gereji anajua kusoma kompyuta ya gari kuliko mimi. Lakini nilipomwekea mpira sikioni mara ya kwanza alicheka peke yake.

Turbo Makorora

Fundi hapo umenigusa bila kutegemea. Swali: petroli ya sasa haiui hizo injini? Nilisikia za zamani zilitaka petroli yenye risasi.

Fundi Platini

Swali zuri. Petroli ya risasi iliondoka nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia 2006. Ile risasi ilikuwa inasaidia kulinda siti za valvu, pale valvu inapogonga ikifunga. Injini za hedi ya chuma tupu bila siti ngumu, MGB za Kiingereza kwa mfano, ukizipeleka mwendo mkali kwa muda mrefu valvu zinachimba hedi, klirensi ya tepeti inaisha, kompresheni inapotea. Dawa ni kupeleka hedi kwa watu wa kuchonga wakaweke siti ngumu. Inafanywa mara moja, umemaliza. Injini yenye hedi ya aluminiamu ina siti za kupachika tangu kiwandani, hofu yake ni ndogo.

Kwa Tanga adui mkubwa si petroli. Ni upepo wa chumvi. Gari la Lushoto la miaka hamsini unaweza kulikuta bodi nzima, la Raskazone la miaka kumi na tano limeliwa. Mnunuzi asitazame rangi. Ainamie chini ya raba ya kioo cha mbele, anyanyue kapeti, apige vizingiti vya milango kwa kifundo cha kidole, afungue shimo la spea tairi. Ukisikia mlio mkavu endelea. Ukisikia mlio mzito wa puti, ile lipu ya kufichia kutu, bei ishuke au uondoke. Wauzaji wetu ni wasanii wa puti, na jua la saa saba linaificha.

Bint Raskazone

Mtaa wangu umetajwa kwa ubaya 😅 lakini ni kweli, hata mageti yetu yanaliwa.

Ngamiani Barabara ya Tisa

Mkuu Kabureta Mbili, je kuagiza 240Z kutoka Japani inawezekana? Mwenye uzoefu asaidie.

Kabureta Mbili

Inawezekana, mfuko wako ndio wa kuuliza. Wenzetu Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8, sisi tunaruhusu ila tunatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na hautofautishi kati ya kimeo na gari la kihistoria. Mbele ya forodha 240Z ni gari kuukuu tu. Na bei zake zenyewe zimepaa dunia nzima.

Jambo la kuangalia: Japani gari hili liliitwa Fairlady Z, na nyingi za kule zina injini ya lita 2.0. Jina la 240Z mwenyewe aliyelipigania ni Yutaka Katayama, bosi wa Nissan upande wa Marekani. Aliona Fairlady halitauza kule, akaamuru beji zibadilishwe. Kwa hiyo usiuziwe Fairlady ya lita 2.0 kwa bei ya 2.4. Usukani uko kulia, hilo ni faida.

Anayetaka kuziona zikikimbia bila kununua, kuna East African Safari Classic, ilianza 2003, mbio zilipotimiza miaka 50. Ni magari ya zamani tu, na miaka mingine huvuka kuingia Tanzania. Mnakumbuka yule Waldegård aliyeshindwa na Joginder 1974 akiwa na 911? Mwaka 2011 alirudi kwenye Classic, umri umekwenda, msoma ramani wake ni mwanawe Mathias, gari ni Porsche 911. Akashinda.

Turbo Makorora

Kwa hiyo Porsche imeshinda mwishowe. Nimeridhika, naweza kwenda kulala.

Mwananjia

Na hili ndilo linanifurahisha, magari haya yanatumika. Uingereza kuna Goodwood Revival tangu 1998, watu wanavaa nguo za enzi zile na magari yanashindana kwelikweli, GTO za mamilioni ya dola zinagusana bampa. Mwenye gari anaweka mkono kichwani, dereva anaendelea. Gari la mbio likifungiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi mimi naona limeshakufa.

Mzee wa Njiapanda

Kweli. Injini isiyowashwa inaoza.

Mtoto wa Muheza

Wakuu nimesoma uzi wote leo kazini. Sasa naombeni msaada. Marehemu babu aliacha Pijo 504 huku Muheza, ipo bandani, ilisimama alipougua na haijawashwa miaka. Wajomba wanataka kuuza kwa watu wa chuma chakavu, wanapima kwa kilo. Mimi nilitaka wikiendi hii niende na betri niijaribu kabla hawajaiuza.

Kabureta Mbili

Zuia hao wa chuma chakavu kwanza! 504 ilikuwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969. Ove Andersson alishinda nayo Safari 1975, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili ya V6. Ongea na wajomba kwa adabu, waambie utawapa hiyo bei ya kilo wewe mwenyewe. @Fundi Platini njoo huku haraka.

Fundi Platini

Nipo. Kijana, betri iache nyumbani. Ukipiga starta injini iliyolala miaka unaweza kukata ringi za pistoni kwa sekunde mbili, hapo utakuwa umewasaidia watu wa kilo.

Nenda na spana ya plagi, oili ya injini lita moja, dumu tupu na tochi. Fungua kwanza kikombe cha chujio la hewa, panya wa Muheza wanapenda kujenga mle. Fuata nyaya kwa macho, uone zilizotafunwa. Mwaga petroli yote ya tenki, usiitumie hata kwenye pikipiki, itakuwa inanuka rangi. Toa plagi nne, kila tundu mimina oili kama kifuniko cha soda kimoja, rudisha plagi kwa mkono tu vumbi lisiingie. Iache ilale. Kesho yake toa plagi tena, weka spana kwenye nati ya puli ya kreki, jaribu kuizungusha taratibu. Ikienda, hata kidogo, nipigie. Ikigoma usilazimishe wala usiongeze bomba kwenye spana, ongeza oili, subiri tena.

Na breki usiziamini, hata kama pedali ni ngumu. Ukija kuivuta, ivutwe juu ya lori.

Mtoto wa Muheza

Nimekuelewa fundi. Wajomba nimeshawapigia, mkubwa kasema nije na hela mkononi, mdogo anauliza hiyo gari ina nini. Nimemtumia uzi.